MJADALA: Kuuza nyumba Marekani na kuhamia kwenye motohomu ya futi 40

Mkata Lami (mleta mada)
Wakuu, heshima mbele. Kila theluji ikianza kuyeyuka swali hili linarudi, hasa kutoka kwa wenzetu wa Minnesota, Ohio na Texas ambao watoto wameshatoka nyumbani: mtu auze nyumba, anunue motohomu kubwa, ahamie humo moja kwa moja? Nazungumzia lile dude linalofanana na basi la mkoani, Class A, kioo kipana mbele, injini ya dizeli nyuma, futi 38 hadi 45. Sizungumzii kivani wala tela la kukokotwa.

Msimamo wangu ni uza. Nyumba inakula kodi ya majengo, bima, paa, bomba lililopasuka Januari, na nyie wawili mnatumia vyumba viwili tu. Sheria ya kodi nayo imekaa upande wenu: ukiwa umeimiliki na kuishi humo kama makazi yako makuu miaka 2 kati ya 5 kabla ya kuuza, faida ya hadi dola 250,000 haitozwi kodi ya serikali kuu, au 500,000 kwa wanandoa wanaojaza fomu pamoja. Chukua sehemu ya hela hiyo, nunua gari lenye umri wa miaka 8 hadi 12, taslimu. Anayepinga aje na namba, sio methali.

Dada Risiti
Nakuja na namba zako hizo hizo, kaka. Miaka 2 kati ya 5 maana yake una miaka 3 ya kujipima. Pangisha nyumba, ingia barabarani. Ukichoka mwaka wa pili, una pa kurudi. Maisha yakikukubali, uza kabla miaka 3 haijatimia tangu uhame, na msamaha ule bado ni wako. Kitakachotozwa ni ile dipresiesheni (uchakavu wa nyumba unaohesabiwa kwenye kodi) ya miezi uliyopangisha, kwa kiwango kisichozidi asilimia 25. Ukiweka wakala wa kusimamia, naye atakata kama asilimia 10 ya pango. Lipa, ulale usingizi.

Halafu hiyo taslimu yako wasomaji wengi wataipita tu, wataona neno motohomu. Gari jipya hushuka bei tangu siku linapotoka yadi, na mikopo yake huvutwa hadi miaka 15 au 20. Katikati ya safari deni linakuwa kubwa kuliko gari. Hapo huwezi kuuza bila kuongeza hela mfukoni, na nyumba ulishaiuza.

Mkata Lami
Dada, na mpangaji akigoma kulipa nawe uko Arizona? Kesi ya kumtoa haisikilizwi kwa simu.

Dada Risiti
Ndiyo maana nimesema wakala. Asilimia 10 haiendi bure.

Spana 13
Mnagombania kodi na gari lenyewe hamjalipanda. Pandeni juu ya paa kwanza, ile ngazi ya nyuma ndiyo kazi yake. Adui wa motohomu ni maji, wala sio maili. Paa ni raba au faibaglasi, na limejaa matundu: viyoyozi, antena, bomba la hewa la choo, dirisha la bafuni. Kila tundu limezungushiwa silanti, gundi ya kuzibia maji, na jua huikausha ikapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Ikaguliwe kila miezi 6. Palipopasuka pasafishwe pakauke, ndipo uweke mpya, ile inayojisambaza yenyewe kwa sehemu za bapa. Kwenye kingo zinazoshuka itachuruzika, tumia ile nzito. Kisha shuka, pitisha kiganja ukutani, hasa chini ya madirisha na pembeni mwa slaidi, vile vyumba vinavyotoka nje ya gari. Ukisikia ukuta umevimba kama chapati iliyokamata hewa, faibaglasi imeshaachana na ubao wa ndani. Usiombe punguzo. Ondoka.

Pili, tairi. Za motohomu hufa kwa umri kabla ya kilomita, kwa kuwa gari linakaa juani miezi bila kutembea. Soma namba 4 za mwisho kwenye maandishi ubavuni yanayoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa namba hazionekani, zimegeukia ndani, ingia chini na tochi. Kashata, yale meno ya tairi, zinaweza kuwa nene kama za dukani na tairi bado likapasuka barabara kuu. Likiwa la mbele, gari linavutwa upande huo na dereva akikanyaga breki kwa hofu anazidisha. Miaka 7 ndio mwisho. Zipo 6 za inchi 22.5, zilezile za malori, na gari lenye ekseli ya ziada nyuma lina 8. Piga hesabu ya seti nzima kabla hujataja bei.

Tatu, injini za tangu sheria ya moshi ya 2010 zinatumia DEF, maji maalumu ya kusafisha moshi. Sensa iliyo ndani ya tangi la DEF ikifa, kompyuta inaamini tangi ni tupu, inakuonya, inapunguza nguvu, na usipotengeneza inaweza kukubana mpaka maili 5 kwa saa. Injini nzima, tangi limejaa, na unatambaa pembeni ya barabara kama kobe. Wanaotafuta gari la kabla ya hapo wana sababu zao, sio ushamba.

Mzee wa Mizani
Spana amesema ya maana. Naongeza uzito, maana hapo ndipo watu waliozoea nyumba hukwama. Ndani ya gari kuna kibandiko kinachotaja uzito wa mizigo inayoruhusiwa. Tangi la galoni 100 za maji safi peke yake ni kilo 380. Ongeza mashine ya kufulia, vyombo, vitabu, ile kinu na mchi ambayo mama hataki kuiacha. Nyumba ya vyumba vitatu haiingii humo hata ukisali. Jaza maji na mafuta, pakia kila kitu, abiria wakae, peleka kwenye mizani ya CAT pale wanapopumzikia malori, chukua karatasi ya kila ekseli. Kwa uzito huo ndipo unasoma jedwali la mtengenezaji wa tairi kujua upepo wa kujaza. Upepo wa kubahatisha unachemsha tairi kutoka ndani.

Breki ni za upepo, na humu madereva wa malori mko wengi, kwa hiyo hamtakuwa wageni: weka vizuizi kwenye magurudumu, zima injini, achia breki ya maegesho, kanyaga pedeli ushikilie. Sindano isishuke zaidi ya psi 3 kwa dakika moja. Kisha pigapiga pedeli; kengele ya upepo mdogo ilie kabla sindano haijafika 55. Ambaye hajawahi kuendesha lori alipie mwalimu siku mbili, ajifunze mkia. Gari hili lina futi nyingi nyuma ya ekseli ya nyuma, ukikata kulia mkia unakwenda kushoto na kufagia nguzo ya pampu.

Leseni: Texas wanataka daraja B lisilo la biashara gari likizidi pauni 26,000. California, likizidi futi 40. South Dakota leseni ya kawaida inatosha.

Na kimo! Mengi yana futi 12 hadi 13 kwenda juu, na ramani ya simu haina habari na hilo. Barabara za parkway za New York na Connecticut zina madaraja ya chini na hazitaki magari haya kabisa. Pale Durham, North Carolina, lile daraja la reli maarufu kwa kunyoa malori liliinuliwa Oktoba 2019 kutoka futi 11 na inchi 8 hadi futi 12 na inchi 4. Linanyoa mpaka leo. Nunua GPS ya malori, andika kimo chako, pamoja na kiyoyozi cha juu, kwenye karatasi, uibandike mbele ya usukani.

Bin Pwani
Shikamooni wazee. Swali la aibu kidogo: choo kinakwenda wapi? Na je, mtu akistaafu anaweza kulipakia melini mpaka Mombasa?

Mzee wa Mizani
Marahaba kijana. La Mombasa futa: Kenya kwa kawaida wanataka usukani wa kulia na gari lisilozidi miaka 8. La choo muulize Spana.

Spana 13
Wala sio aibu, ndilo swali zuri kuliko yote humu. Matangi ni matatu: maji safi, maji ya sinki na bafu, na ya choo. Mgeni anafika kambini penye bomba la maji taka, anaunganisha ile hosi ya inchi 3, anaacha valvu ya choo wazi wiki nzima akidhani ni kama nyumbani. Maji yanatangulia kutoka, mzigo unabaki, unarundikana chini ya kiti kama kichuguu na kukauka. Siku ya kuondoka anavuta valvu, kimya. Valvu ya choo ifungwe mpaka tangi lifike walau theluthi mbili, ndipo uvute kwa mkupuo, kwa sababu wingi wa maji ndio unaosukuma. Mwaga choo kwanza, maji ya sinki baadaye yaoshe hosi. Funga, rudishia galoni chache za maji tangini kabla ya matumizi. Glavu. Na hosi hiyo isilale kabati moja na ya maji ya kunywa, nimemaliza.

Umeme nao: soketi kubwa ya kambini ni ya ampia 50, nyaya mbili za volti 120 zinazotumia nyutro moja. Nyutro ikiwa imelegea au kukatika, volti zinagawanyika ovyo na kifaa cha 120 kinaweza kupokea karibu 240. Friji, mikrowevu, inveta, vyote vinaungua kwa mpigo. Kile kifaa cha ulinzi kinachopima soketi kabla ya kuruhusu umeme sio anasa. Chomeka hicho kwanza, subiri kisome, ndipo uamini.

Dada Risiti
Sawa mafundi, gari limekaguliwa. Mtu anaishi wapi? Sisemi kwa mafumbo. Ukiuza nyumba unapoteza anwani, na kwa wengi wetu anwani ni karatasi za uhamiaji. Mwenye green card anatakiwa kutoa taarifa ya kuhama ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, nayo inauliza unapoishi, anwani ya posta inawekwa kando. Anayeomba uraia anatakiwa awe ameishi miezi 3 katika jimbo au wilaya anayoombea. Aliyemdhamini ndugu kwa fomu ya udhamini I-864 ana siku 30 za kutoa taarifa akihama. Raia hana mzigo wa AR-11, lakini udhamini unamfuata naye. Kwa hiyo mwenye faili ambalo halijafungwa asubiri lifungwe. Ukishaapa, zunguka utakavyo.

Waliomaliza hayo hujisajili zaidi South Dakota, Texas au Florida, majimbo yasiyo na kodi ya mapato ya jimbo, kupitia kampuni za kupokea na kusukuma barua. South Dakota wanakubali risiti ya kulala usiku mmoja jimboni kwa ajili ya leseni. Ila angalia bima ya afya kabla hujashangilia. Mipango mingi ya soko la bima, ile ya Obamacare, ina mtandao wa madaktari wa eneo moja, ukitoka nje unabaki na dharura tu. Mwenye Medicare ya asili, bima ya serikali kwa wazee, anakwenda popote wanapoipokea, lakini za Advantage, zinazoendeshwa na kampuni binafsi, nyingi zimefungwa kieneo. Na bima ya gari iandikwe kwamba mnaishi humo mwaka mzima. Ukiandika matembezi ya likizo, siku ya ajali utaulizwa mmelala wapi.

Kichekesho chenyewe ni hiki: mtu wa kodi akiona kitanda, jiko na choo anakubali hilo ni nyumba, riba ya mkopo wake unaweza kuiombea punguzo. Halmashauri ya kaunti ikiona kitu hichohicho inasema ni gari, na mahali pengi inakukataza kuishi humo hata kwenye kiwanja chako mwenyewe.

Mkata Lami
La uhamiaji nakubali, sikuliwaza, na kwa hilo pekee nabadilisha kauli: mwenye faili wazi asiuze. Lakini mahali pa kukaa pasitutishe. Ardhi ya umma ya BLM, idara ya ardhi ya serikali kuu, huko magharibi kwa kawaida inakuruhusu siku 14 ndani ya kila siku 28, bila malipo. Quartzsite, Arizona, kuna maeneo ya kukaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili kwa kibali ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 180, msimu mzima. Nani analipa pango hilo Columbus, Ohio?

Spana 13
Hakuna soketi huko, mkuu. Linalojaa kwanza ni tangi la maji ya bafu, na wawili wakioga kama nyumbani hamfiki wiki. Betri za lithiamu hazichajiwi chini ya sifuri, na jangwa la Januari usiku linaweza kufika sifuri. Usipoweka zenye kipasha joto, asubuhi sola inawaka na betri inakataa.

Dada Risiti
Na mjini? Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 28 Juni 2024 kwenye kesi ya Grants Pass, Oregon, miji ina nguvu zaidi ya kuwatoza faini wanaolala maeneo ya umma. Kambi za binafsi nazo, nyingi zina sheria ya miaka 10: gari lililozidi umri huo halipokelewi, au wanataka watumiwe picha yake kwanza. Kaka, wewe umetushauri gari la miaka 8 hadi 12. Ndani ya miaka miwili tu unaanza kutuma picha.

Mkata Lami
Likiwa safi wanapokea. Picha sio rushwa.

Bin Pwani
Ahsanteni. Kuna moja linauzwa Fort Worth, la mwaka 2012, muuzaji ametuma picha, kashata ni nene kabisa na anasema tairi hazijatembea. Ubavuni pameandikwa 4617.

Spana 13
Wiki ya 46 ya 2017, mdogo wangu. Hazijatembea ndio ugonjwa wenyewe. Mwambie aondoe bei ya tairi zote 6 kwenye gari, zifungwe mpya kabla halijatoka hapo. Na akutumie picha ya paa, iliyopigwa kutoka juu.