Wakala katuuzia Jaisalmer kwa picha ya Jodhpur, tena mwezi wa Mei!

Wakuu salaam. Hili jambo nimekaa nalo rohoni mpaka linataka kunitia presha, leo acha nilimwage.

Sisi ni akina mama wa kikoba kimoja hapa Tanga. Safari hii tulikubaliana hatugawani hela, tunakwenda India kutembea. Akatokea wakala mmoja, ofisi yake iko Ngamiani (jina siandiki, nisije nikapigwa ban), na bango lake: "Jaisalmer, mji wa ngome katikati ya jangwa. Unalala NDANI ya ngome." Picha sasa! Ngome juu ya jabali, chini yake nyumba za bluu zimetapakaa. Mwenyekiti wetu alipiga vigelegele palepale ofisini.

Kumbe ile picha ni ya Jodhpur, ngome ya Mehrangarh. Kutoka huko mpaka Jaisalmer ni kama kilomita 280. Jaisalmer haina cha ubluu wala nini, imejengwa kwa mawe ya mchanga ya manjano, ngome nzima mpaka majumba ya mjini. Na ni nzuri, sikatai, jua likiinama hutaki kuondoka. Lakini mtu anayekuuzia mji asioujua hata kwa sura, atakupangia safari gani?

Alitupangia Mei. Eti "ofa". Jamani, Mei katika jangwa la Thar joto linavuka 40, na kufika 45 si ajabu. Msimu wa wageni kule ni Oktoba mpaka Machi. Sisi watoto wa Tanga tulijiona tunalijua joto, lakini la kwetu jioni unashuka Raskazone unapigwa na upepo wa bahari. Kule upepo ukivuma ni kama mtu kafunua tanuri la mkate usoni pako.

Mle ngomeni kuna mahekalu ya Wajaini (waumini wa dini moja ya huko India), ya kale, nakshi za mawe mpaka darini. Unavua viatu, na kitu cha ngozi hakiingii, si mkanda si pochi. Sawa, dini za watu tunaziheshimu. Ila saa tano asubuhi sakafu ya nje ilishachemka. Mama yetu mmoja, mtu mzima, ana sukari, alikwenda akirukaruka kwa ncha za vidole mpaka kivulini, akakaa chini, nyayo zimetoka malengelenge. Wenye wazazi wa sukari mnajua kidonda cha mguu ni nini. Soksi tu! Wakala angetuambia tubebe soksi.

Na kulala? Tulilazwa chini mjini, upande wa stesheni. Nampigia simu wakala, ananipa lekcha: ngome ilianzishwa 1156 na Rawal Jaisal, UNESCO imeitia kwenye urithi wa dunia 2013, maji ya hoteli na nyumba za mle yanapenya ndani ya kilima na kulainisha msingi, minara imeshawahi kuporomoka, kwa hiyo katulaza nje "kulinda urithi".

Mnauona ujanja? Hoja yenyewe ni kweli kabisa. Ngome ile ina watu maelfu wanaoishi humo hadi leo, na ilijengwa enzi za maji ya kuteka, mabomba na vyoo vya kuvuta vimekuja baadaye. Nimeona kwa macho yangu mfereji wa kichochoroni unatiririka maji machafu, ng'ombe kaikalia njia, pikipiki nyuma inampigia honi. Tungeambiwa mapema tungelala chini kwa hiari yetu. Sasa hela ya kulala juu aliichukua ya nini? Ile tofauti ya bei imelinda urithi gani?

Ngamia wa kule kwenye machuguu ya mchanga ya Sam nao tulilipia upya, ingawa kwenye risiti wamo. Hilo hata sitaki kulieleza.

Tangu turudi, ujumbe anasoma, tiki zinageuka bluu, kimya. Juzi kabandika bango jipya, la Misri. Sijui picha kaitoa nchi gani.

Mimi ndiye katibu wa kikoba, risiti zote ninazo na bango nililipiga picha. Mwenye uzoefu anielekeze: hili napeleka Tume ya Ushindani au nianzie Mahakama ya Mwanzo? Na kama kuna mwingine wa hapa Tanga aliyelizwa na huyuhuyu, aje PM tuunganishe madai. Nawasilisha.