Naomba ushauri: homoni inayosimamisha mkojo wa mbu
Ndugu wanakikundi, hamjambo. Ninafundisha baiolojia kidato cha pili hapa Kisumu, na ninaandaa somo la usawa wa maji na chumvi mwilini mwa wadudu. Kwa lenzi nimemwona mbu wa Anofelesi akiwa bado ananyonya damu, na tayari kitone chenye wekundu hafifu kinaning'inia mkiani, kwa kuwa homoni kutoka mfumo wa neva huichochea mirija ya Malpighi (viungo vya wadudu vinavyofanya kazi kama figo) itoe upesi maji na sodiamu ya mlo huo. Nimepekua vitabu vya kiada bila kupata maelezo ya namna mkojo huo unavyozimwa kabla mdudu hajakauka. Je, kuna homoni pinzani, au ile ya kwanza huvunjwa tu? Na je, mirija ya nyenje ingefaa kuonyeshwa darasani?