Mjadala: Programu za madirisha zifunguliwe kwa ruti kwenye Linux?

Mtoa mada:
Wakuu, habari za leo. Mgeni wa Linux akitaka kurekebisha faili la mfumo, bado kuna wanaomwambia aandike "sudo gedit", yaani afungue kihariri cha maandishi cha gedit kwa ruti (akaunti kuu yenye mamlaka yote). Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha) ikigoma, anapewa amri ya xhost ailegeze. Nasema wazi: programu ya madirisha (yaani yenye dirisha la kubonyeza, si ya Windows) isifunguliwe kwa ruti, basi.

Gedit ikiwashwa hivyo, haiji peke yake. Inakuja na maktaba za GTK (misimbo ya kuchora madirisha), programu-jalizi, visoma fonti na picha, na vyote vinapata uwezo wa kufuta diski nzima. Chini ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, ni balaa: programu yoyote iliyo kwenye kioo hicho inaweza kunasa unachokiandika kwenye dirisha jingine, hata kulipelekea mibonyezo bandia ya vitufe. Kigemu ulichopakua jana kinaweza kuiamuru gedit yenye uruti! Debian, aina mojawapo ya Linux, waliiondoa gksu, amri ya kufungulia programu za madirisha kwa ruti, mwaka 2018, na walifanya vizuri.

Tumieni amri ya sudoedit. Inanakili faili pembeni, unalihariri kama mtumiaji wa kawaida, na ukishahifadhi na kufunga kihariri, inalirudisha mahali pake. Kihariri hakigusi uruti kabisa.

Fundi Diski:
Mkuu, kwa faili moja nakuunga mkono. Kwa GParted, programu ya madirisha ya kugawa diski, je? Fedora 25, aina nyingine ya Linux, ilipoifanya Wayland kuwa chaguo la kwanza mwaka 2016, GParted iligoma kufunguka kwa ruti. Diski ya mteja iko mezani, nifanye nini? Kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) ukichanganya majina ya diski, sda na sdb, picha za harusi ya mtu zimekwenda. Mimi nataka nione ukubwa na jina la kila sehemu kabla sijabonyeza. Na Polkit, huduma ya kutoa ruhusa za ruti ambayo wengine huisifu, si ndiyo yenye amri ya pkexec iliyokutwa na tundu la usalama la PwnKit Januari 2022? Lilikuwemo tangu 2009.

Mtoa mada:
Fundi, hoja ya PwnKit ni nzito, siipingi. Ila tundu lile lilizibwa kwa kiraka. Udhaifu wa X11 ni wa muundo wake. Na kuona diski kabla ya kuigusa ni haki yako. GNOME Disks inakuonyesha vilevile: dirisha ni la mtumiaji wa kawaida, kazi ya ruti inafanywa na huduma ya udisks kwa nyuma, baada ya kuomba nenosiri. KDE Partition Manager nayo imetenganisha hivyo. Kuna kazi gani ya mteja ambayo hizo mbili zimekushinda, GParted ikaiweza? Itaje tuijadili.