Kombaini ya mpunga inapanda joto mchana, asubuhi iko sawa: rejeta, themostati au gasketi?

ChumaUsangu

Wakuu, poleni na mavuno. Kombaini ndogo ya mpunga, ya minyororo ya mpira, injini ya dizeli silinda 4 yenye turbo, iko Mbarali. Asubuhi mshale wa joto unakaa katikati. Ikifika saa tano kwenda saa sita, ukikata mfululizo dakika 20 hadi 30 mshale unagusa nyekundu. Ukisimama na kuiacha ing'urume bila mzigo, unashuka wenyewe. Maji yanapungua kama nusu lita kwa siku. Rejeta inapigwa hewa kila asubuhi kabla ya kuingia shambani.

Fundi ameshauri tutoe themostati (kile kilango kinachofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) kabisa, na isiposaidia tufungue hedi (kifuniko cha juu ya silinda) tubadilishe gasketi yake. Nianzie wapi kabla sijamwaga hela? Na maji ya kisima yanafaa kuongezea?

FundiIgurusi

Hedi isiguswe bado. Injini inayochemka ikiwa na mzigo na kushuka yenyewe mzigo ukitoka, mara nyingi inakosa hewa kwenye rejeta. Gasketi iliyokatika huwa haichagui asubuhi na mchana namna hiyo.

Angalia tofauti ya saa zenyewe. Asubuhi mpunga una umande, vumbi na zile nywele za mpunga haviruki. Saa tano majani yamekauka, mashine inatembea ndani ya wingu lake yenyewe na feni inalivuta. Wavu wa mbele ya rejeta unaweza kuvaa blanketi ndani ya saa mbili. Kwa hiyo kupiga hewa asubuhi tu ni sawa na kufagia kabla ya wageni kuja. Wavu upigwe brashi kila unapomwaga tangi la mpunga, haichukui dakika mbili. Injini iwe imezimwa.

Halafu rejeta yenyewe. Wengi wanapiga hewa kutoka nje kwenda ndani kwa sababu ndiko mkono unakofika. Unachofanya hapo ni kushindilia makapi katikati ya mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta. Piga kutoka upande wa feni kwenda nje, kinyume na njia ya hewa, presha isizidi bar 2, na ncha ya bomba ikae wima kwa uso wa rejeta. Ukiinamisha unalaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa hata likiwa safi.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni kati ya kipozeo cha oili ya haidroliki na rejeta. Ukitazama kwa mbele unaona pasafi, lakini nyuma yake kuna godoro. Legeza bolti za kipozeo, kivute mbele bila kufungua hosi zake, mulika tochi. Na kama kuna oili inavuja hapo, vumbi limeshagandana nayo na hewa peke yake haitalitoa. Osha kwa maji ya sabuni ya presha ndogo injini ikiwa imepoa, kisha ikauke vizuri kabla ya kurudi shambani. Rejeta mbichi ikikutana na vumbi la mpunga unapata tope.

Kagua pia sponji za pembeni mwa rejeta. Zikichanika, hewa ya moto ya injini inazunguka na kuvutwa tena na feni. Mkanda wa feni ukiubonyeza katikati kwa nguvu ya kilo 10 hivi uingie mm 7 hadi 9 kwa injini za saizi hiyo. Ukiwa unang'aa pembeni, unateleza hata kama umekazwa.

MpigaSpana

Naongeza la themostati, kwa sababu ushauri wa kuitoa unaua injini nyingi. Injini hizi zina njia fupi ya maji inayorudi kwenye pampu bila kupitia rejeta. Themostati ikifunguka, hupunguza au kufunga njia hiyo, kutegemea injini. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani tu, na mchana joto linaweza kuwa baya zaidi kuliko mwanzo. Asubuhi nayo injini inafanya kazi ikiwa baridi, dizeli isiyoungua inachuruzikia kwenye oili, ringi zinalika.

Ipime badala ya kuitupa. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi 82, na ikifika 95 iwe wazi kabisa. Ikichelewa, nunua nyingine ya namba ileile.

Kama unaweza kuazima kipimajoto cha kumulika, kinachopima bila kugusa, pima hosi ya juu na ya chini mashine ikiwa kwenye mzigo. Zote mbili zikiwa za moto na zimepishana nyuzi 4 au 5 tu, maji yanapita lakini hewa haiyapozi: tatizo ni uchafu, feni au mkanda. Zikipishana sana, nyuzi 20 na zaidi, maji yanapita kidogo: themostati, pampu, au mirija imeziba kwa ndani.

Kuhusu gasketi, jaribio ni la bure. Injini ikiwa baridi kabisa fungua kifuniko, jaza maji hadi mdomoni, washa. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, au ukiwa umefunga kifuniko hosi ya juu ikawa ngumu ndani ya dakika moja, hapo ndipo uanze kufikiria hedi.

NganoNarok

Maji ya kisima, hapana. Chumvi zake zinaganda kama zile za ndani ya birika, na zinaganda hasa pale penye moto zaidi, kuzunguka silinda. Tumia kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Dukani watu huyaita maji ya betri, lakini soma chupa vizuri, usije ukapewa asidi.

Kosa lingine ni kuongezea maji matupu kila siku. Mfumo wa lita 10 ukipoteza nusu lita kwa siku na kujaziwa maji, baada ya siku 10 kulanti ya asilimia 50 imeshuka hadi karibu 30. Sisi hatuna barafu ya kuogopa, lakini dawa ya kutu ndiyo inayopotea. Kwenye mashine zetu kubwa za ngano, zenye slivu (kuta za silinda) zinazoguswa na maji, ni hatari zaidi: slivu inatetemeka, vipovu vidogo vinapasuka kwenye ukuta wake na kuuchimba mpaka maji yaingie kwenye oili.

Kifuniko cha rejeta kibadilishwe hata kabla ya vipimo, ni rahisi. Huko kwenu kwenye mita 1,000 hivi maji yanachemka karibu nyuzi 97. Kifuniko kizima cha bar 0.9 kinayasogeza hadi karibu 117. Mpira wake ukipasuka umepoteza nyuzi 20 zote, na hiyo nusu lita inaondoka kama mvuke.

ChumaUsangu

Nimepima saa saba, mashine ikikata: hosi ya juu 101, ya chini 97. Mapovu hakuna. Tumevuta kipozeo cha oili, nyuma yake kulikuwa na makapi unene wa kidole, robo tatu ya uso wa rejeta. Kifuniko mpira wake umepasuka kweli. Baada ya kusafisha na kubadilisha kifuniko, saa ileile: juu 91, chini 83. Themostati imefunguka kwa 83, nimeirudisha.

FundiIgurusi

Hayo ndiyo majibu. Maji yakiendelea kupungua sasa, mulika kitundu kidogo chini ya pampu ya maji. Kikiacha alama nyeupe au ya rangi ya kulanti, sili ya pampu imekwisha. Chomoa na kijiti cha oili kesho asubuhi kabla ya kuwasha, uone kama kuna weupe wa maziwa. Ikiwa safi, badilisha oili mapema tu, kwa sababu imeshapikwa siku kadhaa. Na jioni usizime ghafla ukitoka kukata: iache ing'urume dakika 3 hadi 5, turbo ipoe oili ikiwa bado inapita.

MpigaSpana

Na mlipe fundi wako kwa ushauri, lakini spana ya hedi mwambie aiweke kando.