Nanga ya boti ya faiba futi 23: ya nondo, Danforth au plau? Na kamba mita ngapi?

Kijana_wa_Chumbageni

Wakuu, heshima kwenu. Nina boti ya faiba ya futi 23, mashine ya farasi 40, nalaza ndani ya ghuba hapa Tanga. Mchana napeleka wageni kuogelea kwenye mafungu ya mchanga, usiku mara mbili tatu kwa wiki tunatoka kuvua kwa mshipi. Nanga yangu ni ile ya makucha manne ya nondo, kilo 6 hivi, ina mnyororo wa mita moja na nusu halafu kamba ya manila ya bluu mita 20.

Juma lililopita ilikuwa bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Nimerudi saa nne usiku, maji makavu kabisa, kina mita 3. Nikatia nanga, nikarudi nyuma kwa mashine kuijaribu, ikashika vizuri tu. Nikaenda kulala. Saa kumi alfajiri mlinzi ananipigia simu: chombo hakipo. Kulipokucha tukakiona ng'ambo, kusi limekisukuma mpaka kimepandia mikokoni, faiba ya omoni, yaani mbele, imechunika. Maji yalikuwa yameshaanza kutoka, ikabidi tukae tukitazamana nacho mpaka jioni yajae tena. Mashine salama, alhamdulillahi.

Sasa nataka vitu vya maana. Nimepata hivi: nanga ya nondo kubwa zaidi, kilo 12, fundi anachomelea, Danforth (ile ya mabapa mawili) ya kilo 7, mtumba, na plau (yenye umbo la jembe la plau) ya kilo 10 iliyotoka kwenye yoti ya mgeni. Bei inapanda kwa mpangilio huohuo. Mngekuwa nyie mngechukua ipi? Na mnyororo na kamba je?

TeziNaOmo

Pole sana mwanangu. Lakini usiitukane nanga yako bure, ilishika kwa kadiri ulivyoipa.

Hebu tupige hesabu pamoja. Saa nne usiku kina mita 3. Kutoka majini hadi pale kamba inapofungwa omoni weka mita 1. Jumla 4. Kamba yako na mnyororo ni mita 21 na ushei, yaani mara tano ya kina. Sawa kabisa, na ndiyo maana ilishika. Sasa bamvua ya pwani yetu hupandisha maji mita tatu na nusu, wakati mwingine karibu na nne. Ilipofika saa kumi alfajiri maji yamejaa, zile mita 4 zimekuwa 7 na nusu. Kamba ni ileile. Umeshuka kutoka mara tano hadi chini ya mara tatu.

Nanga hushika ikivutwa ikiwa imelala. Kamba ikisimama, kila wimbi linainyanyua omo na omo inainyanyua nanga, kucha linatoka mchangani kama mtu anayeng'oa muhogo. Hata ungekuwa na plau ya dhahabu ungeamkia mikokoni.

Kwa hiyo kwanza nunua kamba. Hesabu kwa maji yaliyojaa, si kwa maji unayoyaona unapotia nanga. Mara tano mchana ukiwa chomboni, mara saba ukikiacha kilale peke yake. Mara saba ya 7 na nusu ni mita 52.

Kijana_wa_Chumbageni

Shikamoo mzee. Aisee. Miaka minne naendesha boti na sijawahi kuipiga hiyo hesabu kwa maji ya juu. Siku zote natazama maji yaliyopo.

FundiNondo

Mimi ndiye huwa nazichomelea hizo za nondo kwa hiyo msininyang'anye riziki hahaha. Ila niseme ukweli. Nondo ya makucha manne ni nanga ya mwambani. Unaitupa kwenye miamba, kucha moja linadaka, na likikwama ukalivuta kwa mashine nondo inanyooka unaondoka nayo. Nyumbani unaikunja tena. Kazi hiyo hakuna nanga ya duka inayoiweza, na ikipotea hulii.

Mchangani ni hadithi nyingine. Makucha yake ni membamba, yanapita mchangani kama reki. Kutoka kilo 6 kwenda 12 umeongeza uzito tu, bapa la kushika mchanga bado huna. Kama kulala kwako ni mchangani na kwenye matope, usinipe mimi hiyo kazi. Ibaki hiyo ya kilo 6 kwa ajili ya kuvulia.

Na tazama shingo pale makucha yanapokutana. Ufa wa kuchomelea huanzia hapo, na chumvi ikiingia ndani huuoni mpaka siku unapandisha fimbo tupu.

UkutiWaPaje

Naunga mkono, isipokuwa hapo kwenye "unaitupa kwenye miamba". Miamba gani? Kama ni jiwe tupu sawa. Kama ni matumbawe yaliyo hai, kila kucha linavunja kitu kilichochukua miaka mingi kukua, halafu mnyororo unazunguka na maji unasaga yaliyobaki. Mimi hushuka na wageni chini, ninayaona hayo makovu. Wageni unaowapeleka kuogelea wanalipa ili waone hayohayo unayovunja.

Penye boya la kufungia, funga kwenye boya. Kwenye hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kutia nanga juu ya miamba hairuhusiwi kabisa. Pasipo na boya, tafuta doa la mchanga kando ya mwamba. Maji yetu ni meupe, jua likiwa juu doa unaliona hata kwenye mita 8, weupe mtupu. Weusi ni majani au matumbawe. Na majani nayo yanadanganya: nanga inakamata mzigo wa mizizi, unadhani imeshika, kumbe imebeba kichaka.

Muscat_Mswahili

Salamu kutoka Muscat, asili yangu Unguja. Nimetumia Danforth na plau zote mbili kwenye boti ya kiasi hicho, basi nitasema nilivyoona.

Danforth ina mabapa mawili mapana yanayochezea kwenye bawaba, hulala bapa hata kwenye nafasi ndogo. Ilienea sana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwenye vyombo vya kushushia askari ufukweni: walitia nanga nyuma wakija, halafu wakajivuta nayo kutoka. Mchangani na kwenye matope kilo 7 zake zinashinda kilo 12 za nondo bila mjadala. Kasoro yake ni upepo au mkondo ukigeuka. Chombo kinazunguka, nanga inavutwa kinyume, inatoka. Inatakiwa ijichimbie upya, lakini kikiingia kipande cha kombe au jiwe kwenye bawaba mabapa yanakwama, nayo inateleza juu ya mchanga kama ubao. Imenitokea, na kombe lenyewe lilikuwa dogo kuliko sanduku la kiberiti.

Plau haina mambo hayo. Ikigeuzwa inageuka na wewe ikiwa imo ardhini, au inatoka kidogo na kurudi. Ya kwanza, CQR, ni ya Mwingereza Geoffrey Taylor, miaka ya 1930, na ina kiungo shingoni. Yako kama haina kiungo na ncha yake ni nzito basi ni aina ya baadaye, nayo hujichimbia haraka zaidi. Ubaya wake ni kubeba: haikunjiki, inakugonga ugoko.

Wewe unalaza chombo ghubani ambako mkondo unageuka kila saa sita. Kwa kulala usiku ningechukua plau. Kwa mchana, ukiwa ndani yake, Danforth inatosha.

Nyanza_Boti

Mimi niko Mwanza, huku hatuna kujaa wala kupwa, kwa hiyo hesabu ya mzee ingekuwa nyepesi kwangu. Lakini kuna jambo hamjaligusa: kamba yenyewe.

Hiyo ya bluu unayoiita manila si manila. Manila halisi ni ya nyuzi za abaka. Dukani siku hizi kila kamba ni manila. Yako ni plastiki inayoelea, na hilo ndilo tatizo. Maji yakiwa madogo kamba iliyolegea inaelea juu, anapita jirani na mashine yake, anaikata kwa pangaboi bila hata kujua. Nimeshapoteza nanga hivyo. Tena jua linaila: ipinde ukiikamata mkononi, ukiona vumbi la nyuzi kwenye kiganja, imekwisha.

Chukua nailoni ya nyuzi tatu zilizosokotwa, milimita 12. Inazama, na inavutika. Wimbi likipiga inarefuka kama mpira halafu inarudi, hivyo ule mshtuko hauifikii nanga wala kipande cha omoni ulichofungia. Poliesta ni nzuri na ngumu lakini haivutiki vya kutosha, ibaki kwa kufungia gatini.

TeziNaOmo

Umenena. Wazee wetu walitumia amari, yaani kamba ya nanga, ya makumbi ya nazi, nayo ilivutika vizuri ingawa ilikuwa nene kama mkono. Hao wa Tanga wana katani yao lakini katani majini huoza.

Sasa mnyororo. Mita moja na nusu ni pambo. Weka mita 8, hata 10 ukiweza. Mnyororo unafanya mambo mawili: unalaza shina la nanga chini, na unapokea msuguano wa mawe ambao ungeikata nailoni kwa usiku mmoja. Wa milimita 8 una uzito wa kilo 1.4 kwa mita, mita 8 ni kilo 11 na kidogo. Wa milimita 6 ni kama nusu ya hapo, unafaa kwa ngalawa. Wa milimita 10 utakuvunja mgongo maana huna mashine ya kuvutia.

Na usinunue unaong'aa! Ule mweupe unaometa umepakwa zinki nyembamba, miezi michache tu unatoa kutu. Uliochovywa kwenye zinki ya moto ni wa kijivu uliofifia, una mabonge mabonge kidogo. Huo ndio.

FundiNondo

Niongezee hapo kwa mzee. Kile kiungo cha herufi U chenye pini, cha kuungia mnyororo na nanga, kikaze kisha pitisha waya kwenye tundu la pini na kuufunga kwenye mwili wake. Pini hujifungua yenyewe kwa mtikisiko. Nimeletewa minyororo mizima isiyo na nanga, pini tu haipo.

Na ile nondo ya kuvulia, usifunge mnyororo kwenye pete ya juu. Ufunge chini, penye makutano ya makucha, halafu uulaze sambamba na fimbo na kuukamata kwenye pete ya juu kwa uzi wa mshipi mara tatu nne. Ikikwama unavuta kwa nguvu, uzi unakatika, sasa unaivuta kwa kisigino, inatoka kinyumenyume. Lakini usilale nayo hivyo.

Kijana_wa_Chumbageni

Wakuu, nimerudi. Nimechukua plau. Danforth niliikuta bawaba imeshikwa na kutu, nikalikumbuka kombe la ndugu yangu wa Muscat. Mnyororo wa kijivu milimita 8, mita 8. Nailoni milimita 12, mita 50. Nondo ya kilo 6 inabaki kwa uvuvi, mnyororo nimeufunga kisigino kama fundi alivyosema. Kamba ya bluu nimeipinda mkononi: vumbi. Kila mita 10 ya nailoni nimeshonea kitambaa chekundu, usiku nihesabu kwa vidole.

Jana bamvua tena. Nimetia nanga saa tatu na nusu usiku, nikatoa mita 50 zote na maji yakiwa mita 3. Safari hii nililala humohumo. Saa kumi alfajiri nikashika kamba kwa mkono: inavutika, inarudi, inavutika, inarudi. Mti niliokuwa nauangalia kwa tochi uko palepale.

Shida moja. Mashua ya jirani imetia kamba fupi, maji yalipokuwa madogo mimi nilizunguka duara kubwa kuliko yeye, nikakaribia kumgonga tezi, yaani nyuma.

TeziNaOmo

Hilo litakuwapo. Ama umwombe naye aongeze kamba, ama wewe usogee nje kidogo. Ukifika mapema chagua nafasi yako. Ukichelewa, mzunguko wako ndio unaompisha aliyetangulia. Na ule mwisho wa kamba wa ndani, umeufunga wapi?

Kijana_wa_Chumbageni

…Ngoja nikaufunge.