Mwanga unapimaje mtetemo wa bledi za injini ya ndege?

kijana_Ilemela: Wakuu habari za jioni. Huku kwetu ndege zikishuka eapoti zinapita chini hadi feni ya injini unaiona. Sasa nimesikia eti mtetemo wa bledi (yale mapanga ya feni) unapimwa kwa mwanga, kitu kinazunguka vile utakinasa kwa kamera gani?

fundi_Kirumba: Hamna kamera mkuu. Wanatoboa kitundu kwenye kava la injini wanapitisha faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga), leza inatoka pale, kila ncha ya bledi ikipita mwanga unagonga unarudi, basi. Kinachosomwa ni muda. Chukua injini ya CFM56-7B ya ndege ya Boeing 737, feni ina bledi 24 na upana mita 1.55, ikizunguka mara 5,175 kwa dakika ncha inakimbia kama mita 420 kwa sekunde. Bledi iliyotulia inafika pale muda uleule kila mzunguko, inayocheza inawahi au inachelewa, kama daladala ya Igoma na yule jamaa wa stendi mwenye daftari. Ikipinda milimita 1 tofauti ni maikrosekunde 2.4 hivi!!

mzee_wa_spana: Ongezea hapo, sensa moja, yaani kitundu kimoja na leza yake, haitoshi. Sensa inaiona kila bledi mara 86 tu kwa sekunde wakati bledi yenyewe inaweza kutetema mara mia kadhaa, mengi yanaipita, ndo maana wanafunga kadhaa kuzunguka kava. Na mtetemo unaoendana na mzunguko ndo msumbufu haswa, kila ikipita bledi iko kwenye mkao uleule, sensa inajua imepinda tu. Ila bado leza inaizidi stren geji, kile kipimo cha kubandika kwenye bledi kinachosoma inavyonyumbuka, ile nyaya zake kuzitoa kwenye kitu kinachozunguka ni kesi, unaishia kupima bledi chache.

kijana_Ilemela: Sasa si wafunge kwenye ndege zote? Ile ndege ya shirika la Southwest la Marekani 2018 si bledi ya feni ilikatika ikaua abiria? Na hawa korongo wetu wa dampo je?

fundi_Kirumba: Ile ilikuwa ufa wa uchovu wa metali, yaani bledi kuchoka kwa kubebeshwa mzigo mara nyingi, unakua taratibu, baada ya pale wakakazania kupima bledi kwa altrasaundi. Korongo akiingia anaweza kuipinda bledi, ikibaki imepinda muda wake wa kufika unahama moja kwa moja, hiyo inasomeka. Shida ni uchafu, oili na masizi yanaziba kioo cha leza pale kwenye kitundu, kwa hiyo leza iko zaidi kwenye injini za majaribio, za kuruka kila siku bora sensa za sumaku au za umeme, hizo hazisumbuliwi sana na uchafu.

kijana_Ilemela: Kwa hiyo hata vile vijidudu vya ziwani vingeziba?

mzee_wa_spana: Wengine wanapuliza hewa safi mbele ya kioo muda wote injini ikiwaka. Inasaidia kiasi.