Elfu 20 ya chumba cha kompyuta shuleni: tutoe au tugome?

Mzazi, Kilolo

Kamwene wadau. Naomba tujadili hili bila kutukanana maana kwenye kikao cha wazazi jumamosi ilibidi mwenyekiti agonge meza. Shule yetu ya kata imeleta hoja kila mzazi atoe elfu 20 kijengwe chumba cha kompyuta, kuna mfadhili kaahidi mashine 12. Kumi na mbili! Darasa lina watoto 84. Piga hesabu mwenyewe, kila mashine inagombewa na watoto saba, kipindi dakika 40, kila mtoto anaishika dakika tano na kidogo, hapo hujatoa muda wa kuwasha na muda wa kuambiana toa mkono wako.

Mimi sio adui wa kompyuta. Ila haya nimeshayaona, shule aliyosoma mdogo wangu walipewa mashine, zikafungiwa chumba chenye nondo, zikafunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, ufunguo anao mkuu wa shule na mkuu yuko semina. Dogo kamaliza form four anachojua ni kile kitambaa.

Na sio huku tu. Peru walinunua laptopu zaidi ya laki nane wakagawia watoto, mwaka 2012 yakatoka majibu ya utafiti uliofanywa kwenye shule 319 za vijijini, hesabu na lugha waliopewa hawakuwapita ambao hawakupewa. Laki nane jamani. Msimamo wangu hiyo hela tununue vitabu vya hesabu au tumlipe kijana anayejitolea kufundisha fizikia. Nipingeni.

Mwalimu, Rungwe

Ndugu yangu, hesabu yako ya mashine 12 siigusi, nakupinga kwenye Peru. Kule mtoto alipewa laptopu yake, mwalimu wake hakusaidiwa vya kutosha kujua aifanyie nini darasani. Chumba cha pamoja ni kitu kingine. Ungetaka mfano wa kutubana ungechukua Colombia, walipeleka kompyuta mashuleni zisaidie masomo, watafiti walipofuatilia matokeo ya watoto wakakuta karibu hakuna tofauti, na sababu kubwa ni kwamba walimu walizitumia kufundishia kompyuta yenyewe, hii kibodi, hii mausi, somo likabaki ubaoni kama zamani. Huo ugonjwa naujua kwasababu na mimi nimeuugua, mwaka mzima nilikuwa nafundisha watoto kubadilisha rangi ya maandishi.

Sasa njoo India, mji wa Vadodara. Watoto wa darasa la nne, wawili kwa mashine moja, masaa mawili kwa wiki, michezo ya hesabu tu, mtoto akipata anapewa ngumu zaidi akikosa anarudishwa. Hesabu zilipanda, mwaka wa pili zikapanda zaidi ya wa kwanza. (Nisiwafiche, mwaka mmoja baada ya kuacha sehemu kubwa ya ile faida ilikuwa imeyeyuka.) Lakini unaona kilichobadilika? Mashine ilikuwa na kazi moja inayojulikana na muda wake kwenye ratiba, sio zawadi ya ijumaa mchana.

Mimi nina mashine 9, nzima ni 6. Nagawa darasa, watoto 18 wanaingia watatu watatu, waliobaki wanafanya mazoezi na mwenzangu, kesho zamu ya wengine. Inachosha aisee lakini inawezekana.

Fundi, Mwanjelwa

Nyie wasomi mnaenda Peru na India, mimi nakuja na bisibisi. Mashine nazoletewa hapa kutoka mashuleni nyingi haziuliwi na watoto, zinauliwa na umeme. Unakatika, ukirudi unarudi kwa hasira, pawasaplai kwisha. Rungwe na radi zenu nyumba haina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, mnachomeka mashine kumi kwenye ekstensheni moja, hapo mnategemea nini? Na Mbarali kule vumbi linaingia mpaka unafungua mashine unakuta shamba.

Halafu hizo za mezani za mtumba zinakula umeme, kumi na mbili na vioo vyake unavuka kilowati kirahisi, laptopu iliyotumika inakula theluthi yake na umeme ukikatika mtoto anaendelea na betri. Luku analipa nani? Ruzuku ya serikali kwa sekondari iliwekwa elfu 25 kwa mwanafunzi kwa mwaka, humo humo mambo kibao. Bando ndio lisiwatishe, Kolibri na Kiwix, programu za kusomea masomo na vitabu bila intaneti, ni za bure, mnapakua mara moja mjini mnaweka kwenye mashine moja, zingine zinasoma kutoka kwake kupitia ruta isiyo na bando lolote.

Mama wawili, Mafinga

Binti yangu anasema mausi wanashika wavulana, wasichana wanaambiwa waandike majibu. Hilo mbona hamlisemi? Na hizo programu ni za Kiingereza au Kiswahili?

Mwalimu, Rungwe

Dada umenipata. Kuanzia jumatatu kila dakika kumi mausi inahama, nitapiga kengele. Za Kiswahili zipo, kwenye XPRIZE, mashindano ya kimataifa ya kutengeneza programu za kujifunzia, kule Tanga watoto wa vijijini walipewa tableti zinazochajiwa kwa sola zenye programu za kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, 2019 zikashinda timu mbili, onebillion na Kitkit School, na sharti lilikuwa washindani waziachie bure kwa yeyote. Ila ni za watoto wanaoanza, form two utawachekesha. Na sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, hiyo nayo ina mjadala wake.

Mzazi, Kilolo

Ndaga mwalimu, Kinyakyusa changu kinaishia hapo. Colombia umenimaliza, maana ndio sisi kabisa. Lakini elfu 20 bado sitoi kwa ahadi. Kikao kinaendelea jumamosi, nitasema hivi: natoa elfu 10 siku ratiba ya hicho chumba ikibandikwa mlangoni, darasa lipi saa ngapi somo gani, na ufunguo akabidhiwe mwalimu wa hesabu. Nyingine nitamalizia nikiona watoto wanaingia.

Fundi, Mwanjelwa

Na ethi. Waambie kabla ya rangi ya ukuta waanze na ethi.